Mwongozo kamili: kuandika alama na historia ya mtaa wako, ukianzia kwenye vituo vya daladala

Watu hunitumia rasimu za historia ya mitaa yao niwapitie, na rasimu hizo zinafanana kama mapacha. Aya ya kwanza inasema jina la mtaa limetokana na mti fulani, au na mama aliyekuwa akimbembeleza mwanawe. Aya ya pili: "Hapo zamani palikuwa pori, simba walikuwa wanapita." Aya ya tatu ni shukrani kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Basi, imeisha. Hakuna mwaka, wala mahali ambapo msomaji anaweza kwenda kusimama akasema: ni hapa.

Walioandika si wavivu. Wameanzia pabaya tu. Walimwendea mzee wakamwambia, "Tueleze historia ya mtaa huu," naye akawapa kile ambacho kila mtu humpa mgeni.

Mwongozo huu unaanzia mdomoni mwa konda. Alama ninayoisema ni kitu au mahali ambapo watu hupatumia kuelekezana. Mfano wangu mkuu ni Sinza, Dar es Salaam, lakini utafaa Kimara, Mbagala, hata Nyamagana au Kisauni, mradi mtaa wako una watu wanaoshuka kwenye gari na kusema wanakwenda wapi.

Andaa hivi kabla ya kutoka nyumbani

- Simu yenye kamera na kinasa sauti, na nafasi ya GB 5 hivi. Saa moja ya mazungumzo hula karibu MB 60, picha moja MB 3 hadi 5.
- Pawabenki. Mzee anayeanza kunoga hasubiri uchaji.
- Daftari lenye jalada gumu na penseli mbili. Wino unakimbia ukipata jasho au manyunyu.
- Ramani mbili za eneo lako zilizochapwa kwenye karatasi ya A3. Zitoe OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wenyewe, ni bure. Dar es Salaam imechorwa vizuri humo, hasa tangu mradi wa Ramani Huria ulipoanza mwaka 2015 na wanafunzi wa vyuo wakapita mtaa kwa mtaa.
- Tepu ya fundi ya mita 5.
- Kitambulisho, na barua (tutaifikia).
- Nauli, na hela ya soda au kilo ya sukari ya kumpelekea mwenyeji.
- Mwenzako. Kama wewe ni mwanamume, nenda na mwanamke. Sababu yake utaiona kwenye hatua ya 5.

Kwa watu wawili wanaofanya kazi mwisho wa wiki tu, mtaa mmoja huchukua wiki 6. Ukimaliza kwa siku 2, ujue umeandika ile ya simba.

## Hatua ya 1: Kata eneo dogo

Usiandike "historia ya Kinondoni". Hata kata nzima ni kubwa mno. Chukua mtaa mmoja wa kiserikali, au eneo unaloweza kulizunguka kwa miguu ndani ya saa moja na nusu.

Chora mpaka kwa penseli kwenye ramani ya kwanza ukifuata vitu vinavyoonekana: barabara, mfereji, ukuta wa shule. Mipaka ya kiutawala inahama. Sinza ilikuwa ndani ya Wilaya ya Kinondoni kwa miaka mingi, na leo iko Ubungo, wilaya iliyozaliwa miaka ya 2010 pamoja na Kigamboni. Nyaraka za zamani hazijui hilo, na ukizitafuta chini ya "Ubungo" utarudi mikono mitupu.

Umefaulu kama mtu asiyekujua anaweza kuishika ramani yako na kuuzunguka mpaka wote bila kukupigia simu.

## Hatua ya 2: Pata barua ya serikali ya mtaa

Nenda ofisini, jitambulishe kwa mtendaji na mwenyekiti, eleza unachofanya, omba barua fupi yenye muhuri. Kisha umfuate mjumbe wa eneo, maana yeye ndiye anayejulikana mlango kwa mlango.

Watu huiruka hatua hii halafu wanashangaa kufukuzwa. Mtu anayetembea na ramani, tepu na simu, akipiga picha nyumba za watu, anafanana na mtu mmoja tu: yule aliyetumwa kabla ya alama ya X nyekundu, ile ya nyumba zitakazobomolewa. Waliokuwa kando ya Barabara ya Morogoro kutoka Kimara kwenda Kiluvya mwaka 2017, nyumba zao zilipobomolewa kupisha upanuzi, hawawezi kukuchekea ukija na tepu. Hata mimi nisingekuchekea.

Kama uchaguzi uko karibu, ahirisha. Utaonekana umetumwa na mgombea, na kila utakaloambiwa litakuwa limepakwa rangi ya chama.

## Hatua ya 3: Panda daladala uandike vituo

Hapa ndipo kazi inapoanza hasa.

Panda daladala inayokatiza eneo lako. Kaa karibu na mlango, uende nayo mwanzo wa ruti hadi mwisho, kisha urudi. Andika kila jina la kituo kama linavyotamkwa, bila kulisahihisha. Konda akisema Salenda, andika Salenda, ingawa daraja lile lilipewa jina la John Einar Selander, mkuu wa kazi za ujenzi wakati wa Waingereza. Namna watu wanavyolitamka jina ni habari kamili peke yake. Kariakoo yenyewe ni Carrier Corps iliyopita kwenye midomo ya watu: kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza kilichokuwa na kambi pale wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia.

Kwa nini vituo? Kwa sababu jina la kituo halikutungwa na kamati. Lilichaguliwa na abiria waliotaka kushuka karibu na kitu ambacho kila mtu anakijua siku ile. Kitu kile kinaweza kufa, kuuzwa au kubomolewa, na jina likabaki likipigiwa kelele kila asubuhi. Usafiri huu wa watu binafsi uliruhusiwa rasmi mwaka 1983, kwa hiyo vituo vingi vimeshika kumbukumbu ya miaka 40 ambayo haimo kwenye kitabu chochote.

Ukirudi nyumbani, yagawe majina uliyoyapata.

Kwanza, vitu vilivyopo. Kituo cha Makumbusho kimechukua jina lake kwenye Kijiji cha Makumbusho, kile chenye nyumba za asili za makabila mbalimbali, kilichoanzishwa miaka ya 1960. Kundi hili ni rahisi, lisikupotezee muda.

Pili, vitu vilivyokwisha. Hapa ndipo penye dhahabu. Watu wanasema "Ubungo Mataa" hadi leo, wakati makutano yale yamekuwa barabara za juu za Kijazi, zilizofunguliwa Februari 2021. Mwezi huohuo kilifunguliwa kituo kikuu cha mabasi cha Mbezi Luis na ile stendi ya mikoani ya Ubungo ikahama, lakini mtu wa makamo bado atakuelekeza "pale stendi". Msasani, watu wazima wanapaita Drive-in, kwa sababu palikuwa na sinema ya kutazama ukiwa ndani ya gari. Leo pana ubalozi wa Marekani. Mtoto aliyezaliwa mwaka 2005 anasema "Drive-in" bila kujua watu walikuwa wanakwenda kutazama nini pale.

Tatu, watu. Sinza kuna kwa Remmy. Huyo ni Remmy Ongala, mwanamuziki aliyezaliwa Kongo, akaja kupiga muziki Dar es Salaam, akaishi hapo. Amefariki Desemba 2010 na kituo hakijafariki. Kuwa mwangalifu hapa: mtu wa hadharani kama Remmy unamtaja. "Kwa Mama Fulani" ambaye bado anauza maandazi pale kona unamwomba ruhusa kwanza, na akikataa unaandika "genge la maandazi" ukaendelea na safari.

Nne, yenye swali ndani yake. Sinza Makaburini. Makaburi ya nani? Yalikuwepo kabla viwanja havijapimwa, au yalikuja na wakazi wapya? Jina kama hili usilijibu kwa kubuni. Liandike kama swali, uende nalo hatua ya 5.

Halafu ongea na bodaboda wawili na dereva mmoja wa bajaji. Wao wanajua majina ya vichochoro ambayo konda hana haja nayo. Na kama mtaa wako uko kwenye njia ya mwendokasi, ile iliyoanza kati ya Kimara na Kivukoni Mei 2016, linganisha jina lililoandikwa kituoni na lile analotamka abiria. Yakitofautiana, yatunze yote mawili.

Tahadhari moja kubwa: usianze kutafuta maana ya jina la mtaa wenyewe. Najua unawashwa. Mikocheni ni kwenye mikoche, na Mnazi Mmoja hauhitaji profesa. Lakini Mwananyamala utapewa hadithi ya "mwana, nyamaa" kwa uhakika wa kutisha, na anayekupa aliisikia kwa mwenzake, ambaye naye aliisikia. Hadithi za majina ni tamu na hazina mwenyewe. Ziweke ukurasa wa mwisho wa daftari, chini ya kichwa "Yanayosemwa".

Umefaulu ukiwa na majina 20 au zaidi, kila moja likiwa kwenye kundi lake, na walau matano yakiwa ya vitu ambavyo havipo tena. Kama huna hata kimoja kilichokufa, rudi barabarani. Hujasikiliza.

## Hatua ya 4: Weka kila jina kwenye nukta yake

Sasa tembea. Kila jina liwe na mahali pake kwenye ramani ya pili, na namba za mahali hapo kwenye daftari. Programu yoyote ya ramani kwenye simu itakupa namba hizo ukibonyeza mahali ulipo kwa sekunde chache.

Watu wengi huharibu hapa, kwa makosa yaleyale.

*Kusahau alama ya kutoa.* Tuko kusini mwa ikweta, kwa hiyo namba ya kwanza inaanza na alama ya kutoa. Sinza iko karibu na -6.78, 39.22. Ukiandika 6.78, mtaa wako utatua milimani kusini mwa Ethiopia. Nimeshapokea orodha nzima ya vituo vya Dar es Salaam vilivyohamia huko.

*Kukata tarakimu.* Tarakimu 2 baada ya nukta zinaweza kukupotosha karibu kilomita nzima. Tarakimu 4 ni kama mita 11. Tarakimu 5 ni kama mita 1, na zaidi ya hapo ni mapambo, kwa sababu simu ya kawaida haina shabaha hiyo.

*Kutuma picha kwa WhatsApp kama picha.* Zinabanwa, na taarifa za mahali na saa zinafutwa. Zitume kama faili, au uzihamishe kwa waya.

Piga picha 3 za kila alama: moja ya mbali inayoonyesha jirani zake, moja ya karibu, moja ya kitu kidogo kinachoonekana kuwa na umri, kama tarehe kwenye jiwe la msingi, nondo za dirisha za mtindo wa zamani, bikoni (jiwe la mpaka) ya kiwanja. Piga kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Jua la mchana wetu linakaa utosini na kuua kila umbo. Kwenye picha ya kitu kidogo weka tepu pembeni, ili mtu ajue ukubwa wake.

Kambi za jeshi na vituo vya polisi usivielekezee kamera, hata kama ndiyo alama kuu ya eneo. Ukiwa jirani na Lugalo, andika "jirani na kambi" na simu ibaki mfukoni.

Ukiwa maeneo yenye magofu, kama Kunduchi, penye msikiti wa kale na makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa bakuli za Kichina, usiokote kigae hata kimoja. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vya kabla ya mwaka 1863 na majengo ya kabla ya mwaka 1886. Na hata bila sheria, kigae kilichotolewa mahali pake kimekuwa kipande cha sahani tu.

Kisha angalia vibao vya anwani za makazi. Vingi viliwekwa mwaka 2022, miezi michache kabla ya sensa ya Agosti, na njia nyingi zilipata majina mapya wakati huo. Andika jina la kibao, na chini yake jina ambalo watu hulitumia. Usifute moja kwa ajili ya jingine. Barabara kubwa nazo zina majina ya kuvuliwa na kuvishwa: anayesema Pugu Road anamaanisha Barabara ya Nyerere, na Port Access ni Mandela.

Umefaulu kama ukimpa kijana namba zako bila jina, anakwenda na kusimama palepale uliposimama.

## Hatua ya 5: Zungumza na waliokula chumvi nyingi

Usimuulize mtu "historia". Neno hilo humfanya akae wima aanze kuhutubia. Muulize kuhusu kitu kimoja kimoja, ukiwa na orodha yako ya vituo mkononi.

Nenda baada ya alasiri, au Jumapili watu wakishatoka kanisani. Toa shikamoo yako, kaa ulipoonyeshwa, kunywa ulichopewa. Jitambulishe wewe ni mtoto wa nani na unaishi wapi kabla ya kutaja barua. Barua inamtuliza mjumbe. Mzee anatulizwa na kujua kwenu.

Kabla ya kubonyeza kinasa sauti, omba ruhusa, na ukishabonyeza iombe tena ili jibu lisikike kwenye sauti yenyewe. Mueleze sauti itakaa wapi na kama jina lake litaandikwa. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, hilo si suala la adabu peke yake.

Maswali yanayozaa:

- Mlipohamia hapa maji mlichota wapi? Nani alikuwa na ufunguo wa bomba?
- Duka la kwanza lilikuwa la nani, na lilikaa upande upi wa barabara?
- Gari la mwisho usiku lilikuacha wapi? Kutoka hapo ulipita njia ipi kufika nyumbani?
- Watoto walisoma wapi kabla ya shule hii kujengwa?
- Nani alilima hapa kabla ya viwanja?
- Mvua ikinyesha, maji yalipita wapi?

Swali la mwisho linafichua mito na mifereji iliyofukiwa, na mara nyingi linaeleza kwa nini nyumba fulani hujaa maji hadi leo.

Sasa suala la miaka, ambalo limevunja rasimu nyingi kuliko yote. Usiulize "Mwaka gani?" Mtu atakutajia namba ya mviringo, 1970 au 1980, kukuridhisha. Mpe tukio ambalo kila mtu anakumbuka alikuwa wapi, umuulize lilimkuta ameshahamia au bado. Ninatembea na orodha hii imebandikwa nyuma ya daftari:

- Uhuru, Desemba 1961
- Muungano, Aprili 1964
- Azimio la Arusha, Februari 1967
- Kuuawa kwa Karume, Aprili 1972
- Kuzaliwa kwa CCM, Februari 1977
- Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979
- Msako wa wahujumu uchumi, 1983
- Kifo cha Sokoine, Aprili 1984
- Mwinyi kuingia Ikulu, 1985
- Kuzama kwa MV Bukoba, Mei 1996
- Mvua za El Nino, 1997 hadi 1998
- Bomu la ubalozi wa Marekani, Agosti 1998
- Kifo cha Mwalimu, Oktoba 1999
- Mabomu ya Mbagala, Aprili 2009, na ya Gongo la Mboto, Februari 2011

Niliwahi kukaa na mzee mmoja aliyeniapia kwamba alijenga mwaka 1970. Nimeshaandika, tena kwa kujiamini, mkewe akaitikia kutoka uani: "Sabini tulikuwa bado Ilala sisi. Tumehamia hapa nina mimba ya huyu wa tatu, vijana wanapelekwa vitani." Miaka 8 ikayeyuka kwa sentensi moja, na mzee akacheka, akasema yeye mambo ya miaka huwaachia wenye mimba.

Ndiyo maana nasema nenda na mwanamke. Baraza la kahawa litakupa siasa, mpira na nani alikuwa diwani. Maji, mashamba, uzazi, mikopo ya duka, nani alihama usiku akiwa na madeni: hayo yako uani, gengeni na saluni, na mwanamume anayeingia huko na kinasa sauti huishia kuambiwa "karibu" na kuachwa amekaa peke yake.

Tahadhari: usiwahoji wazee watatu kwa pamoja. Wa kwanza akishataja mwaka, waliobaki wataufuata kwa heshima. Na usiahidi hela wala "mradi". Soda na sukari vinatosha.

Umefaulu kwa kila alama ikiwa watu wawili ambao hawakuwa wamekaa pamoja wameiweka ndani ya miaka 3 ileile, upande uleule wa barabara.

## Hatua ya 6: Tafuta karatasi

Anzia kabatini kwa watu, kabla ya maktaba. Barua ya toleo la kiwanja ina tarehe, kitalu na namba. Picha za harusi zina nyumba ya jirani nyuma yake, na mara nyingine tarehe ya studio mgongoni. Andika tarehe na kitalu, lakini usipige picha hati nzima ya mtu. Matapeli wa viwanja wanahitaji kidogo sana kuliko unavyodhani, na wewe hutaki simu yako ndiyo iwe chanzo.

Karatasi hizo zinakupa kipimo cha kupimia maneno. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zina viwanja vya mpango wa viwanja na huduma uliopata mkopo wa Benki ya Dunia kuanzia katikati ya miaka ya 1970. Katika mpango huohuo, Manzese haikupimwa upya bali iliboreshwa ikiwa na watu wake. Kwa hiyo mtu akikuambia nyumba iliyo kwenye kiwanja kilichopimwa Sinza ilijengwa mwaka 1965, kuna mambo mawili: mwaka umekosewa, au anazungumzia watu waliokuwepo kabla ya wapimaji. Jambo la pili likiwa kweli, umepata habari kubwa kuliko uliyokuwa ukiitafuta. Lifuate.

Baada ya hapo nenda kwenye Nyaraka za Taifa pale Upanga, na sehemu ya East Africana (mkusanyo wa maandishi kuhusu Afrika Mashariki) ya maktaba ya Chuo Kikuu, Mlimani. Uliza masharti ya kuingia kabla ya kufunga safari, na usiende kuomba "kila kitu kuhusu Sinza". Nenda na jina la mahali na kipindi kisichozidi miezi 6. Kwa magazeti, *Mambo Leo* linaanzia 1923, *Ngurumo* 1959, *Uhuru* 1961. Kurasa za matangazo na barua za wasomaji zina mtaa ndani yake kuliko ukurasa wa kwanza, ambao siku zote una waziri.

Kwa miaka ya karibuni, fungua Google Earth kwenye kompyuta na urudishe saa nyuma kwenye picha za satelaiti. Kwa sehemu kubwa ya Dar es Salaam utarudi hadi miaka ya 2000. Tazama ukingo wa barabara ya Kimara kabla na baada ya 2017, utaona alama zilizoondoka zikiwa bado zimesimama.

Jihadhari na jambo moja: karatasi nayo hudanganya. Ramani ya mipango inaonyesha kilichokusudiwa. Soko lililochorwa huenda halikujengwa kamwe, na pale pakawa kanisa.

## Hatua ya 7: Pima uzito wa kila habari

Mpe kila mstari wa daftari herufi.

A: umeona karatasi au kitu chenyewe, na mtu mmoja amekubaliana nacho.
B: watu wawili, kila mmoja kwa wakati wake, bila karatasi.
C: mtu mmoja, au "inasemekana".

Ya C usiitupe. Iandike hivyo hivyo, kwa maneno "kwa maelezo ya mkazi mmoja". Kinachoua kazi ni C iliyovaa suti ya A. Kesho mwingine anainakili, keshokutwa iko kwenye kibao cha chuma, na kuing'oa hapo ni kazi kweli.

Ukikuta nusu ya daftari lako ni C, hujashindwa. Rudi hatua ya 5 na wazee wengine wawili.

## Hatua ya 8: Andika kadi, usiandike insha

Alama moja, kadi moja, maneno yasiyozidi 120. Mpangilio ni huu:

> Jina linavyotamkwa: Sinza kwa Remmy
> Kundi: mtu
> Kilichopo leo: (unachokiona ukisimama hapo, siku uliyokwenda)
> Kilichokuwepo: makazi ya mwanamuziki Remmy Ongala, mzaliwa wa Kongo, aliyefariki Desemba 2010. Abiria waliomtumia kama alama ya kushukia ndio waliokipa kituo jina.
> Nukta: (tarakimu 5)
> Uzito: A kwa mtu na mwaka wa kifo, B kwa jinsi kituo kilivyopata jina.
> Swali lililobaki: kabla ya hapo kituo kiliitwaje?

Mstari wa mwisho usiuache wazi kwenye kadi yoyote. Ndio unaomfanya msomaji akupigie simu akiwa na jibu.

Sentensi za "hapo zamani za kale" zifute zote. "Palikuwa pori" nayo ifute, labda kama unaweza kusema pori la nini na nani aliyelikata.

## Hatua ya 9: Rudisha kazi mtaani

Zisome kadi kwa sauti mahali watu walipo: kijiweni, kwenye kikao cha mtaa, baada ya kikoba cha kina mama. Soma bila kujitetea, na mwenzako aandike kila "hapana, haikuwa hivyo". Waliokataa kuhojiwa nyumbani watakusahihisha hadharani kwa furaha, na wengi wao wako sahihi.

Rekebisha, kisha ingiza majina kwenye OpenStreetMap, lile la kibao kama jina kuu na la watu kama jina mbadala. Majina ya wakazi binafsi yasiende huko.

Tunza nakala 3: kwenye simu, kwenye mtandao, na kwenye karatasi. Faili zianze na tarehe, mfano 2025-03-15_sinza-c_makaburini_01, ili zijipange zenyewe.

Ya karatasi ipeleke ofisi ya mtaa na nyingine shule ya msingi iliyo karibu, ikiwa imeandikwa "Toleo la 1" na mwezi wake. Acha kurasa 10 tupu mwishoni, toboa tundu kwenye jalada, na ufunge penseli kwa uzi mrefu. Nakala yetu ya kwanza ilirudi na penseli imebaki kipande cha kidole, na kwenye kadi ya bomba la maji kulikuwa na mikono mitatu tofauti ikibishana kuhusu nani hasa aliyekuwa na ufunguo.